Mwalimu Anajibu: Yule Dada wa Kijerumani na Mrusho wa Sita

Toleo lililopita nilidokeza, tena kwa sentensi moja tu, kwamba katika Olimpiki ya Paris ya 2024 kitu kilichonikuna kuliko vyote ni fainali ya tufe la wanawake, aliyoshinda Yemisi Ogunleye wa Ujerumani. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimemiminika mpaka mhariri akaniambia, "Mwalimu, ukurasa wote huu ni wako, malizana na watu wako." Basi leo hakuna mpira wa miguu. Wa Simba na Yanga mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huyo Ogunleye ni Mjerumani kweli, au ni Mnigeria aliyenunuliwa kama wale wakimbiaji wa Kenya wanaopewa pasipoti za Ghuba? Halafu ametokea wapi? Mimi nikisikia tufe na Ujerumani nakumbuka yale majimama ya zamani tu. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hakununuliwa na mtu. Amezaliwa huko huko, Germersheim, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ujerumani kando ya mto Rhine, akakulia Bellheim, ambako ni padogo zaidi. Mama Mjerumani, baba Mnigeria. Tarehe yenyewe ni 3 Oktoba 1998, na 3 Oktoba kwa Wajerumani ni sikukuu ya kuungana kwa nchi yao. Yaani kila akitimiza mwaka, taifa zima limepumzika. Sasa mtu wa namna hiyo unamwitaje mgeni?

Swali lako lakini si geni kwake. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyochokozwa utotoni kwa sababu ya rangi yake, kwenye mji ambao watoto wanaofanana naye walikuwa wa kuhesabu. Jina nalo linamtangulia kila mahali. Ni la Kiyoruba, na ndani yake yumo Ogun, ambaye katika mila za Wayoruba ndiye mwenye chuma na wahunzi. Yemisi ni Mkristo wa kuimba kwaya, kwa hiyo sidhani kama anamuwaza Ogun akiwa duarani, ila mimi nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu: mtu ana chuma kwenye jina, na kazi yake kurusha chuma.

Hakuanza na tufe. Alikuwa binti wa kuruka na kukimbia, wa yale mashindano ya matukio saba ambapo msichana mmoja anaruka viunzi, anaruka juu, anaruka chini, anatupa mkuki, mpaka anamaliza na mita 800 akiwa hoi. Katika hayo saba tufe limo, lakini wengi hulichukulia kama uji wa mgonjwa, unywe upite. Kilichombadilishia njia ni goti. Aliumia vibaya akiwa bado kijana, akatibiwa, akarudi, akaumia tena. Aliyewahi kuona mtu amekatika kano ya goti anajua: kutembea utatembea, lakini kuruka juu mara hamsini kwa siku, sahau. Katika yale saba, tufe ndilo lililokubali kubaki naye.

Akajiunga na klabu ya MTG Mannheim, chini ya kocha wake Iris Manke-Reimers. Mama huyo ndiye utakayemwona kwenye picha zote za Paris, na ukiangalia vizuri utagundua kocha kalia kuliko mchezaji. Akaingia pia jeshini, kwa ule utaratibu wa jeshi la Ujerumani wa kuajiri wanamichezo, ambao kwetu hatuna haja ya kuelezwa, maana nusu ya wanariadha wetu wa maana wamevaa magwanda.

Miaka kadhaa hakuna aliyemjua nje ya kwao. Anaingia timu ya taifa, anarusha mita 18 na kitu, anarudi nyumbani. Kisha ukaja 2024. Mwezi wa tatu, Glasgow, Mashindano ya Dunia ya Ukumbini, akarusha mita 20.19. Hajawahi kufika hapo maishani. Sarah Mitton wa Canada akamshinda kwa 20.22. Sentimeta tatu! Weka vidole viwili pamoja, upana wake ndio huo. Mwezi wa sita akachukua medali tena, safari hii mashindano ya Ulaya, Rome.

Sasa Paris, 9 Agosti. Chase Jackson wa Marekani, bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, hakufika hata fainali. Mitton alifika, lakini siku haikuwa yake. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na penye mlango wazi kila mtu anasukumana. Maddison-Lee Wesche wa New Zealand akasukuma zaidi: mita 19.86.

Mimi nilikuwa dukani kwa jirani yangu Mchaga, kwenye televisheni ile ya juu ya friji. Mwenye duka alitaka kuhamia mpira. Nikaagiza soda. Akashika tena rimoti, nikaagiza ya pili, ambayo mpaka leo sijui niliinywa au niliigawa. Nilichokuwa nakitazama ni miguu. Mtu aliyechoka, tufe lenyewe huwa halimsaliti, miguu ndiyo humsaliti: anazunguka, anakimbilia mbele kabla mguu wa nyuma haujagusa chini, na tufe linatoka likiwa limekufa. Mrusho wa sita, wa mwisho, dada huyu aliingia duarani, akageuza mgongo wake kwa uwanja, akatulia. Akazunguka, na mguu ukafika mahali pake kwa wakati. Ndipo akapiga ukelele. Nikamwambia mwenye duka, "Hilo limefika," kabla halijadondoka. Hakunijali.

Mita 20.00. Si 19.99, si 20.01. Ishirini kavu. Tofauti na Wesche ni sentimeta 14, hata kalamu ya Bic ni ndefu kuliko hapo. Song Jiayuan wa China akachukua shaba kwa 19.32. Ndiyo dhahabu pekee Ujerumani iliyopata kwenye riadha yote ya Paris, na ya kwanza kwa wanawake wao wa tufe tangu Astrid Kumbernuss ashinde Atlanta mwaka 1996. Huyo Kumbernuss naye ni habari nyingine, bingwa wa dunia 1995, 1997 na 1999, nitamwandikia siku yake.

Kisha kwenye mkutano na waandishi wakamwomba aimbe, naye akaimba. Wimbo wa injili, bila kinanda, medali shingoni, waandishi wametulia kama waumini. Nimeirudia video hiyo zaidi ya nilivyourudia mrusho wenyewe, na mimi ni mtu wa mirusho.

SWALI: Mwalimu, tusidanganyane. Mita 20.00 ni nini? Rekodi ya dunia ni 22.63. Ilona Slupianek wa Ujerumani Mashariki alishinda Olimpiki ya 1980 kwa 22.41. Huyu wako enzi zile angeambulia patupu. Wanawake wa leo wamelegea. (Msomaji, Nairobi)

Ndugu yangu, namba zako zote ni sahihi na hukumu yako nimeikataa.

Rekodi ya 22.63 iliwekwa Moscow tarehe 7 Juni 1987 na Natalya Lisovskaya wa Soviet. Tangu hapo wamepita wanawake wa kila umbo. Valerie Adams wa New Zealand, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki, mwili kama mnara, umri wote kautumia kwenye tufe, mwisho wake ulikuwa 21.24. Jiulize ni mchezo gani mwingine ambao viatu vimeboreshwa, lishe imeboreshwa, video zipo kila mahali, halafu watu wanarudi nyuma zaidi ya mita nzima.

Na huyo Slupianek uliyemtaja, ungemalizia hadithi. Mwaka 1977 alipimwa kwenye Kombe la Ulaya, Helsinki, akakutwa na dawa za kuongeza misuli, akafungiwa. Mwaka uliofuata amerudi, bingwa wa Ulaya. Miaka miwili mbele, bingwa wa Olimpiki. Wakubwa wa Ujerumani Mashariki walipata somo kwenye kisa kile, ila si somo unalolifikiria wewe. Walianza kuwapima wachezaji wao wenyewe kwenye maabara yao ya Kreischa kabla hawajapanda ndege. Mkojo wako msafi, unasafiri. Si msafi, ghafla umeumia paja, unabaki nyumbani.

Nataka nikueleze habari ya mmoja tu. Mwaka 1986, Stuttgart, ubingwa wa Ulaya wa tufe la wanawake ulichukuliwa na binti wa miaka 21 wa Berlin Mashariki, Heidi Krieger, kwa mita 21.10. Mita moja na ushee kuliko dhahabu ya Paris! Ungekuwepo ungepiga makofi, hata mimi ningepiga. Alikuwa mchezaji wa klabu ya SC Dynamo Berlin, na tangu akiwa na miaka 16 alikuwa akipewa vidonge vya rangi ya bluu, vimefungwa kwenye karatasi ya fedha. Aliambiwa ni vya kumsaidia kustahimili mazoezi. Jina la vidonge ni Oral-Turinabol, homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani. Kumbukumbu zilizofukuliwa baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka zinaonyesha kwamba mwaka ule wa Stuttgart peke yake alimezeshwa karibu miligramu 2,600.

Sauti ikawa nzito. Ndevu. Misuli ikakua haraka kuliko viungo vilivyoibeba, kwa hiyo magoti, nyonga na mgongo vikaanza kulia. Akastaafu kabla ya wakati wake. Mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji na tangu hapo anaishi kama mwanamume, Andreas Krieger. Najua baadhi yenu hapo mmeshakunja uso, kunjueni. Mwenyewe amesema kwamba hata kabla ya vidonge alikuwa na maswali juu ya nafsi yake, na kinachomuuma ni kwamba hakuachiwa nafasi ya kuyajibu mwenyewe. Wengine walimjibia, kwa kidonge, bila kumuuliza. Mama yeyote anaelewa uchungu huo.

Mwaka 2000 alisimama mahakamani Berlin kutoa ushahidi dhidi ya Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, na daktari Manfred Höppner. Ewald akapewa kifungo cha miezi 22, Höppner miezi 18, vyote vya nje. Hawakulala gerezani hata usiku mmoja kwa hukumu ile. Ukumbini kulikuwa na wanawake wengine waliomezeshwa hivyo hivyo, mmoja wao mwogeleaji, Ute Krause. Baadaye yeye na Andreas wakaoana. Na ile dhahabu ya Stuttgart? Andreas aliitoa, ikafanywa tuzo ya kupewa watu wanaopigana na dawa michezoni.

Kwa hiyo ukiniwekea 21.10 ya 1986 upande huu na 20.00 ya Paris upande ule, mimi najua ninayoinunua. Leo mpimaji anagonga mlango wa mchezaji alfajiri bila taarifa, anasimama mpaka chupa ijae. Usiniambie wamelegea.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Binti yangu yuko kidato cha pili, ana miaka 14, mwili mkubwa, shuleni wanamwita Tembo. Tangu aone video ya huyo Mjerumani anazunguka na tufe uani, kwenye nyasi, na viatu vya mpira. Sasa analalamika goti. Nimkataze? (Mama, Tanga)

Sijambo mama, pole na hongera. Usimkataze tufe. Kataza kuzunguka, tena leo leo.

Sikiliza. Kuna njia mbili za kurusha. Ya kwanza tunaiita kuteleza: unasimama mgongo umeelekea mbele, unajisukuma kinyumenyume kwa mguu mmoja kama mtu anayerudi nyuma kumkwepa nyoka, kisha unageuka na kusukuma. Wajerumani ndiyo shule yao hasa. David Storl alichukua ubingwa wa dunia 2011 na 2013 kwa kuteleza. Christina Schwanitz akauchukua 2015 kwa kuteleza. Ya pili ni kuzunguka kama wa kisahani, na ndiyo ya Ogunleye. Ikikubali inakupa mwendo zaidi ndani ya duara ambalo upana wake ni mita 2.135 tu. Ikikataa, tufe linaenda kwa waamuzi.

Goti la mwanao linauma kwa sababu rahisi. Duara la kweli ni saruji laini, na viatu vya warushaji havina meno, soli yake ni tambarare, ili mguu ugeuke pamoja na mwili. Nyasi na raba za mitumba zinafanya kinyume: kiatu kinang'ang'ania chini, mwili unazunguka, katikati yao liko goti. Linapindwa kama nguo inayokamuliwa. Kwanza apumzike mpaka maumivu yaishe, na kama linavimba au linamfia njiani mpeleke hospitali, mimi ni mwalimu wa michezo, si daktari.

Akirudi, mwezi mzima arushe akiwa amesimama tu. Miguu imepanuka, goti la nyuma limekunjwa kidogo, tufe limelala kwenye vidole, si kiganjani, na limebanwa chini ya taya. Msisitizie hilo la taya. Watoto wetu wote wanarusha tufe kama jiwe la kuangushia embe, kiwiko kinashuka, na hapo bega linaumia na mwamuzi anainua bendera nyekundu. Tufe linasukumwa. Nguvu inatoka kisiginoni, inapanda pajani, kiunoni, kifuani, na mkono ndio wa mwisho kupata habari.

Uzito nao. Tufe la wanawake wakubwa ni kilo 4, sawa na pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili. Kwa miaka 14 kilo 3 inamtosha kabisa. Kama hakuna, afanye na mpira uliojazwa mchanga. Usimpe jiwe, jiwe lina kona na litamchana shingo.

Na hao wanaomwita Tembo, mwambie aje nao uwanjani awapime.

SWALI: Ule unga mweupe wanaopaka shingoni ni uganga? (Msomaji, Mombasa)

Ni chaki. Shingo ina jasho, chuma kinateleza. Uganga ungekuwa unafanya kazi, pwani nzima tungekuwa na medali.

SWALI: Mwalimu, wewe unaongea kama bingwa. Mwenyewe ulirusha ngapi? (Msomaji, Iringa)

Nilijua mtafika huko.

Nilirusha nikiwa kidato cha tatu, mashindano ya shule za wilaya yetu, na shule iliyotupokea siitaji maana waliokuwepo wengine bado ni walimu wenzangu. Tufe lilikuwa moja kwa wasichana na wavulana, kuukuu, na kutu yake iliniachia doa shingoni ambalo mama alidhani ni mapele. Futikamba haikuonekana. Mwalimu wa zamu aliyekabidhiwa alisema ilikuwa kabatini, ufunguo wa kabati ulikuwa na mwenziwe, na mwenziwe alikuwa amekwenda msibani. Wakaleta kamba ya katani, wakaifunga fundo kila baada ya hatua moja ya mwalimu wa jiografia, aliyekuwa mrefu kuliko watu wote pale. Nilipata mafundo tisa na kiganja.

Aliyekuwa wa kwanza naye alipata mafundo tisa na kiganja. Nikaomba vipimwe viganja, cha kwake na cha kwangu, maana aliyepima wa kwake alikuwa mwanamume na aliyepima wa kwangu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Wakacheka. Kwenye karatasi wakaandika 9 na 9, wakampa yeye kwa sababu alirusha mapema.